Embe zikishuka bei: namna ya kufaidi vitu vya msimu na kuviweka mpaka viadimike

Desemba ukipita barabara ya Kilwa ukafika Mkuranga utakuta ndoo za embe zimepangwa pembeni mpaka unachoka kuziangalia, na jioni muuzaji anakuongezea mbili tatu juu hujamwomba maana anajua kesho zitakuwa zimelainika. Rudi Aprili uulizie embe. Ndo hapo sasa. Nyanya nazo hivyo hivyo, kuna wiki tenga pale Ilula, Iringa, linauzwa bei ya kumliza mkulima, afu miezi michache mbele mama wa genge anakupangia fungu la nyanya tatu na moja ina kidonda.

Sasa hapa naandika ninavyojua kuhusu kununua vitu vikiwa vingi, kuvila vikiwa kwenye utamu wake na kuviweka vikusogeze. Msimamo wangu ni mmoja: usikaushe kitu kwa sababu umeona video ya mtu anakausha, angalia kwanza hewa ya unapokaa inakubali nini. Mtu wa Dodoma na mtu wa Tanga mjini hawawezi kuanika embe Novemba wakapata kitu kimoja, wa Dodoma atapata embe kavu, wa Tanga atapata ukungu.

Kwanza kununua

Usiwe na haraka na mwanzo wa msimu. Embe za mwanzo nyingi zinachumwa changa kwa tamaa ya bei, zinafukiwa ziive kwa lazima, nje njano inavutia ukikata ndani nyama imepauka na uchachu unakupiga kwenye taya. Vumilia wiki mbili tatu, embe zitakuwa nyingi na bei italegea yenyewe. Ila usivute sana mpaka mwisho kabisa, maana kadiri msimu unavyosonga nzi wa matunda nao wanazidi, unanunua embe nzuri kwa macho ukipasua unakuta funza wameshahamia. Kagua ngozi, ukiona vitundu vidogo vyenye utomvu uliokaukia au sehemu moja imebonyea achana nayo. Afu nusa kwenye kikonyo, embe iliyokomaa mtini inanukia pale hata kama bado ngumu, ya kulazimishwa hainukii kitu.

Kama unataka za kukausha au kuweka kwenye friza chukua zisizo na nyuzi, ile aina ya embe inayoitwa apple kwa mfano. Zile ndogo za kienyeji zenye nyuzi ni tamu kuliko zote kwa maoni yangu lakini kazi yake ni juisi na kufyonza umesimama kwenye sinki, ukizikausha unatafuna kamba.

Machungwa ya Muheza watu wa mjini wanayaonea bure, eti ya kijani hayajaiva. Chungwa linageuka rangi likipata ubaridi wa usiku, na kule joto la usiku halishuki kiasi hicho, kwahiyo linaiva ndani huku ganda limebaki kijani. Lipime kwa mkono, zito kuliko ukubwa wake na ganda laini ndo lenye maji. Jepesi lenye ganda nene utakamua mpaka uchoke.

Na tenga la nyanya, jamani, usilinunue kwa kuangalia juu. Juu wanapanga warembo. Mwambie muuzaji amimine kwenye turubai, akikataa nenda kwa wa pembeni. Kama hela ya tenga zima huna changishaneni majirani wawili watatu mkagawane kwa sado, bei ya tenga na bei ya fungu ni mbingu na ardhi.

Kabla hujahifadhi, kula

Wengi tunakosea hapa, mzigo ukifika nyumbani tunasukumia kila kitu kwenye friji. Embe mbichi ikiingia kwenye baridi ya friji haiivi tena vizuri, inasinyaa na kuwa na madoa meusi, iache nje kwenye kivuli ikiiva ndo uingize. Nyanya ukiiweka kwenye friji ladha inakufa, ipange mezani kikonyo kikiangalia chini isigandamizwe. Parachichi halilainiki mtini hata likae miezi, linalainika likishachumwa, ukiwa na haraka lifunge kwenye mfuko wa karatasi na ndizi iliyoiva. Vitunguu na viazi msiviweke kapu moja, vinaharibiana, na viazi vitafutie giza maana vikipigwa na mwanga vinakuwa kijani na ule ukijani una sumu.

Embe ukizileta osha kikonyoni vizuri, ule utomvu unaunguza midomo, watoto wanatoka vidonda pembeni ya mdomo mnadhani ni ugonjwa.

Mzigo ukishafika uchague mafungu matatu: za kula leo na kesho, za kuhifadhi ambazo ni nzima na zimekomaa, na zilizogongwa. Zilizogongwa ndo zinapikwa usiku ule ule, msidanganyane za kuoza ndo za kuhifadhi, kitu kibovu ukikihifadhi unapata kibovu kilichohifadhiwa.

Nyanya

Nyanya ndo naipa nafasi kubwa kwa sababu inaingia kwenye kila sufuria ya nchi hii, na kuna njia tatu, chagua kulingana na ulichonacho.

Ya kwanza ni ya wavivu na naipenda kuliko zote kama una friza. Osha nyanya, futa maji, toa kikonyo, panga nzima nzima kwenye mfuko, tupa kwenye friza. Basi. Hakuna kumenya hakuna kuchemsha. Siku ya kupika chukua nyanya nne zimekuwa mawe, ziweke chini ya bomba sekunde chache tu na utaona ganda linapasuka lenyewe, unalivuta kwa vidole linatoka zima, nyanya inabaki uchi mkononi. Inaingia kwenye mafuta hivyo hivyo. Kwa kachumbari haifai maana ikiyeyuka inakuwa maji, ila kwa mchuzi huwezi kujua tofauti.

Umeme ukikatika usifungue fungue friza kila dakika kuangalia kama imeyeyuka. Friza iliyojaa isipofunguliwa inashika baridi kama siku mbili, ikiwa nusu kama siku moja. Kwahiyo friza tupu tupu ni hasara hata kwa LUKU, jaza hata chupa za maji.

Njia ya pili ni chupa. Hii inataka umakini maana ukikosea unaumwa kweli. Chemsha maji, tumbukiza nyanya kwa dakika moja, hamishia kwenye maji baridi, ganda linatoka. Zikate, ziponde, chemsha zitokote dakika tano hivi. Chupa za jamu zenye vifuniko vya bati zisafishe na uzichemshe, na kifuniko kiwe kizima, chenye kutu au kilichopinda tupa. Kwenye kila chupa ya nusu lita weka kwanza vijiko viwili vikubwa vya siki ya dukani iliyoandikwa asilimia 5, ndo ujaze nyanya ya moto ukiacha nafasi ya kidole kwa juu. Siki usiiruke. Nyanya za siku hizi nyingine hazina uchachu wa kutosha kuzuia vijidudu vinavyotengeneza sumu ndani ya chupa isiyo na hewa, na sumu hiyo haina harufu wala rangi. Ukiona uchachu umezidi siku ya kupika ongeza sukari kidogo.

Futa mdomo wa chupa, funga, panga kwenye sufuria refu lenye kitambaa chini ili chupa zisigongane na bati, maji yafunike chupa kabisa, na uanze kuhesabu muda yakianza kutokota sawasawa. Ukiwa Dar, Tanga, Lindi huko chini ni dakika 35. Ukiwa Iringa mjini au Arusha fanya 45, Njombe fanya 50, maana kadiri unavyopanda mlima maji yanachemka kabla hayajafika joto lile la pwani. Toa, acha zipoe zenyewe bila kuzisogeza. Kifuniko kikishika katikati yake kinabonyea kwa ndani na ukikigusa hakidundi. Kikidunda hiyo chupa haijashika, iende kwenye friji uitumie wiki hiyo.

Na tafadhali, humo ndani nyanya tu. Najua mkono unawasha kuweka kitunguu, hoho, karoti na kitunguu saumu iwe sosi tayari, lakini hivyo vyote vinapunguza uchachu na hesabu ya dakika inavurugika. Viungo utaweka siku ya kupika. Maharage mabichi, mahindi, mchicha, nyama, samaki, hivyo usifunge kwenye chupa kwa sufuria la kawaida kabisa, vinahitaji mtambo maalum wa presha. Hata vitunguu saumu kwenye mafuta vinavyopendeza kwenye picha, weka kwenye friji na umalize ndani ya siku chache.

Njia ya tatu kukausha. Kata vipande vyembamba, nyunyiza chumvi, anika. Kwa Dodoma, Singida, Ilula yenyewe wakati wa kiangazi ni kazi ya siku chache. Kwa pwani sishauri.

Embe: kavu, barafu, achari

Tatizo la embe ni kwamba zinakuja na vuli. Pwani Novemba na Desemba kuna joto lakini hewa imejaa unyevu, unaanika asubuhi, saa nane wingu, saa tisa mvua, kesho yake vipande vinateleza na nzi wameshaandaa kikao. Kama uko huku weka kwenye friza au pika achari, kukausha waachie wenye jua kavu, au tumia oveni kwenye moto wa mwisho chini kabisa mlango umeachwa wazi kidogo, na uhesabu gharama kabla hujaanza.

Kwa wenye jua: menya, kata vipande vya unene wa nusu sentimita hivi, vilingane, kimoja kikiwa kinene ndo kitakachoozesha wenzake. Loweka dakika kumi kwenye maji uliyokamulia ndimu rangi isiwe nyeusi. Panga kwenye kichanja kilichoinuka, hewa ipite chini na juu, funika na neti. Neti yenyewe iwe ya dukani isiyo na dawa, msichukue chandarua cha mbu cha kugawiwa, kile kina dawa na hamtaki kuila. Jioni ingiza ndani, umande wa usiku unarudisha kazi yote nyuma. Embe imekauka ukikunja kipande kinajikunja bila kuvunjika na ukikiminya hakitoi unyevu kwenye vidole.

Hapa kuna hatua ambayo wengi wanairuka. Ukimaliza kukausha usifunge kabisa na kusahau. Weka kwenye chupa ya kioo robo tatu, funga, kaa nayo wiki nzima ukitikisa kila siku. Ukiona kioo kimetoa jasho kwa ndani, bado, rudisha juani. Kikibaki kikavu wiki nzima ndo ufunge na uweke mahali pa giza.

Ya friza ni rahisi: kata vipande, vitandaze kwenye sinia visigusane, gandisha kwanza, afu ndo uvimwage kwenye mfuko na kutoa hewa. Ukimwaga vibichi moja kwa moja vinashikana linakuwa pande moja la kupasua kwa nyundo. Mwezi wa Ramadhani ukiangukia embe hazipo utajishukuru, juisi ya futari iko tayari.

Achari ni ya embe mbichi, zile ngumu ambazo kokwa ndo linaanza kushika. Zinapatikana kwa bei ya kutupa pale upepo wa mvua unapoziangusha. Kata vipande virefu na ganda lake, changanya na chumvi ya kutosha na manjano, funika usiku kucha, asubuhi mwaga maji yaliyotoka na uanike saa chache, mpaka vipande vinywee tu. Kwenye sufuria isiyo ya alumini (siki na alumini hawaelewani) pasha mafuta, kaanga kitunguu saumu na tangawizi iliyotwangwa, mbegu za haradali, uzile, pilipili ya unga, mimina siki, weka sukari kulingana na mdomo wako, ikichemka rudisha embe. Usipike mpaka zilainike, unataka zikatike kwa meno. Jaza kwenye chupa kavu, mafuta yafunike juu, iache wiki moja au mbili ikae sawa. Kijiko kinachoingia humo kiwe kikavu kila mara, nyumba yangu hiyo ndo sheria ya kwanza na mgeni anaambiwa kabla hajakaa. Wali wa nazi na maharage na hii achari pembeni, sisemi kitu.

Kanda ya Ziwa na katikati walishamaliza mjadala huu

Watu wanauliza kukausha ni teknolojia gani wakati bibi zetu walikuwa nayo. Wasukuma wana michembe na matobolwa na nashangaa kwanini hatuyauzi kwenye kila supamaketi. Michembe ni viazi vitamu vinavyoachwa siku chache vinyauke kidogo, vinamenywa, vinakatwa vibichi na kuanikwa. Matobolwa vinachemshwa kwanza ndo vinakatwa na kuanikwa, kwahiyo vinakuwa vigumu vitamu na unaweza kuvitafuna hivyo hivyo na karanga. Michembe lazima ipikwe, inaenda vizuri na chai, maziwa au maharage. Viazi vinavunwa kuelekea kiangazi, jua lipo, mvua hamna, majabali ya Mwanza yanashika moto mchana kutwa, watu wanaanika juu ya jiwe. Ukitaka kufanya nyumbani chagua viazi visivyo na matundu ya fukusi, kata vya unene mmoja, na vikikauka hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, dumuzi wakiingia wanakuachia unga.

Mahindi mapya nayo ni msimu, na hapo msifanye mzaha na sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na kuchemsha wala kusaga hakuiondoi. Kabla hujajaza gunia pima hivi: chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi theluthi, weka chumvi kavu vijiko viwili vitatu, tikisa dakika kadhaa, iache itulie. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa mahindi yana maji bado, rudisha juani. Ikianguka yote chini funga. Na anika kwenye turubai, sio kwenye udongo.

Mboga za majani

Kunde, maboga, mgagani, msimu wa mvua vimejaa hadi vinaliwa na mbuzi, ikifika Septemba Dodoma fungu dogo la mboga ya kumwagilia ni ghali. Chuma asubuhi majani machanga, osha maji mawili matatu, toa nyuzi za vikonyo hasa ya maboga. Chemsha maji yenye chumvi kidogo, tumbukiza majani dakika mbili au tatu tu yawe kijani kibichi cha kung'aa, chuja, tandaza. Kuchovya huku kunazuia majani yasipoteze rangi na harufu yakikaa muda mrefu. Na anika kivulini penye upepo, sio kwenye jua kali, jua linaua vitamini A ambayo ndo sababu kubwa ya kula hayo majani. Banda la bati lililo wazi pande zote linafaa kabisa. Yakikauka yanalia ukiyashika na kuvunjika vidoleni.

Weka kwenye mfuko mzito, toa hewa, funga, ingiza kwenye ndoo au mtungi wenye mfuniko. Mlenda mkavu wenyewe wa Dodoma na Singida unatwangwa unakuwa unga, unachukua nafasi ndogo na kijiko kimoja kinatosha sufuria.

Kuyapika: loweka kwa maji ya uvuguvugu nusu saa, mwaga maji hayo kama yana mchanga. Chemsha yalainike, yanachukua muda kuliko mabichi, usiyakatie tamaa. Kaanga kitunguu na zile nyanya zako za friza, weka mboga, afu koroga karanga za kusaga na maji kidogo mpaka zisiwe na madonge, mimina, punguza moto na uendelee kukoroga maana karanga zinashika chini haraka. Chumvi weka mwisho baada ya kuonja, ukikumbuka majani yalishapitia kwenye maji ya chumvi.